Muulize Mwalimu: Masomo matupu, mradi au tasnifu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Buhongwa, na ninafanya kazi kitengo cha TEHAMA kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Shahada ya kwanza nilisoma sayansi ya kompyuta na nina miaka sita kazini. Sasa nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa kompyuta, sehemu kubwa kwa njia ya mtandao, na ada najilipia mwenyewe. Kwenye fomu ya kuthibitisha nafasi natakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: masomo ya darasani pekee, masomo pamoja na mradi, au masomo pamoja na tasnifu. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Bosi wangu anasema uzamili bila tasnifu ni cheti cha semina. Kaka yangu, ambaye ni mhasibu, anasema nichukue masomo matupu nimalize upesi, karatasi ni ile ile. Rafiki yangu alianza tasnifu yake nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Mtoto sasa anakimbia, na yeye bado yuko sura ya pili.

Nina wazo langu. Mama mkwe wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na kila siku analalamika kuhusu bei: leo anapata, kesho anakula hasara. Ana madaftari ya biashara tangu kabla sijaolewa, ameyafunga kwenye kiroba juu ya kabati. Nataka kutengeneza kitu cha kutabiri bei ya dagaa ili asikurupuke kununua. Je, huo ni mradi au ni tasnifu? Na kwenye fomu niweke alama wapi?

Mama Wawili, Buhongwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeniletea barua yenye bosi, kaka, rafiki na mama mkwe, na wote nimewasikia. Ambaye sijamsikia ni wewe. Hukuniambia uzamili huu unautaka wa nini: kupanda cheo hapo kiwandani, kuhamia kwingine, kufundisha chuoni, au kuendelea mpaka uzamivu. Nakisia kwamba unataka kubaki kazini ila upewe kazi nzito zaidi ya kubadilisha wino wa printa na kuwarudishia watu nywila walizosahau. Kama nimekisia vibaya, kuna aya yako huko chini.

Nianze na bosi, maana yeye ndiye anayekutisha. Uzamili bila tasnifu si wa semina. Makerere, ambako watu wengi wa Kanda ya Ziwa wamepita, wana Mpango A wenye tasnifu na Mpango B wenye mradi, na siku ya mahafali hutamjua nani alipita wapi. Georgia Tech ya Marekani inatoa uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa mtandao tangu 2014, kozi kumi, na watu wanahitimu bila kuandika tasnifu. Muulize bosi wako kama angemkataa kazini aliyetoka huko.

Kaka yako naye anadhani masomo matupu ni mteremko. Mpe hesabu, hiyo ndiyo kazi yake. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uzamili haupungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800, uwe umechagua kozi au umechagua tasnifu. Uingereza nako mgawanyo wa kawaida ni krediti 120 za kozi na 60 za mradi au tasnifu. Krediti 60 maana yake saa 600. Sasa mtu anatoka kiwandani jioni, anapanda daladala mpaka Buhongwa, anapika, analaza watoto. Zinabaki saa mbili, na tuseme anajikaza siku tano za wiki. Saa 600 kwa mwendo huo ni wiki 60. Hapo hajaugua mtoto, hakujatokea msiba, na umeme haujakatika hata usiku mmoja.

Kwa hiyo usitafute njia yenye saa chache, tafuta njia ambayo ratiba yake utaiweza. Kwenye kozi ratiba ni ya chuo: zoezi tarehe fulani, jaribio tarehe fulani, usipoleta unaandikiwa sifuri. Kwenye tasnifu ratiba ni yako. Usipoandika wiki hii hakuna anayekugombeza, wala wiki ijayo, na rafiki yako amefika hapo alipo kwa njia hiyo hiyo. Simjui, lakini sidhani kama ni mvivu. Mradi uko katikati, kwa sababu kuna watu wanaousubiri. Mama mkwe ukimwahidi kitu Jumatatu, Jumanne asubuhi atakupigia simu.

Sasa tuje kwenye dagaa. Umeuliza kama wazo lako ni mradi au tasnifu. Linaweza kuwa lolote kati ya hayo, na hata zoezi la kozi, kutegemea unauliza nini juu ya dagaa hao hao.

Kwenye kozi, mhadhiri anakupa faili la bei lililokwisha kusafishwa, kila safu ina jina, kila tarehe ipo. Unapewa wiki mbili, unajaribu mbinu tatu za kutabiri, unachora grafu, unapata alama. Usidharau hilo. Ni mazoezi mazuri, na kwa mtu aliyesoma ualimu wa hisabati au uhasibu kisha anahamia kompyuta, kozi nyingi ndizo zitakazomjenga: kanzidata, mitandao, usalama, ujifunzaji wa mashine. Lakini wewe umesoma kompyuta na una miaka sita kazini. Soma orodha ya kozi zao kwa makini. Nyingi zikiwa ulizokwisha kusoma, utalipa ada kukumbushwa.

Kwenye mradi, swali ni hili: je, nimetengeneza kitu kinachofanya kazi, na nani amekitumia? Hapo utashuka Mwaloni alfajiri, ukae na wachuuzi, uone wanavyonunua. Utagundua wengi wanashika kitochi, kwa hiyo programu nzuri ya simu janja haitawafaa. Watahitaji ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli. Utagundua pia kwamba neno "bei" halitoshi. Ni bei ya ndoo, ya debe au ya gunia? Ni dagaa wa kula au wa chakula cha kuku? Mvua ikinyesha dagaa hawajakauka, mzigo uliokuwa wa kula unashuka daraja na kuwa wa kuku, na bei yake inashuka nao. Mfumo usiojua hayo utamdanganya mama mkwe siku ya kwanza, na hataugusa tena. Utaandika mahitaji, utasanifu, utajenga, utajaribu na watu halisi, kisha utaandika ripoti inayosema wazi kipi kilikataa. Watahini wa mradi wanaipenda sana sura hiyo ya mwisho. Mtu akiniletea ripoti ambayo kila kitu kilikubali mara ya kwanza, namtilia shaka. Jambo moja la kiutendaji: namba za huduma za nyota na reli hutolewa kwa utaratibu wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huhitaji makubaliano na kampuni za simu. Usiiingize safari hiyo kwenye muda wako wa chuo. Onyesha kwa programu ya kuigiza simu kwenye kompyuta, inatosha kwa watahini.

Tasnifu inauliza kitu kingine kabisa: tumejua nini ambacho hatukukijua? Kutengeneza kitabiri tu hakutoshi. Unahitaji swali linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana, na jibu lolote liwe na maana. Kwa dagaa nakupa moja bure. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haumvuti dagaa vizuri, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unapungua. Mchuuzi yeyote wa Mwaloni anajua bei inakwenda na mwezi. Swali la tasnifu: je, kitabiri kinachoambiwa umri wa mwezi na mvua iliyonyesha kinatabiri bei ya wiki ijayo vizuri zaidi kuliko kisichoambiwa? Na je, vyote viwili vinamshinda mtu anayesema tu kwamba wiki ijayo bei itakuwa kama ya leo? Huyo wa mwisho usimcheke. Kwenye bei za soko ni mpinzani mgumu, na tasnifu nyingi zenye mahesabu makubwa hazimshindi, ila waandishi wake hawakumweka kwenye jedwali.

Angalia sasa tasnifu hiyo inadai nini. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo mwaka mzima una mizunguko 12 na kidogo. Ukisema utakusanya bei mwenyewe kwa miezi mitatu ya kazi ya uwandani, utakuwa umeona mwezi mpevu mara tatu. Kwa mara tatu huwezi kusema kitu. Ikitokea moja kati ya hizo kulikuwa na mvua kubwa na nyingine ilikuwa wiki ya sikukuu, umebaki na moja. Bila kumbukumbu za miaka ya nyuma, tasnifu hiyo haipo, hata ungekuwa na kompyuta ya ukubwa gani.

Ndiyo maana nilipofika kwenye kiroba cha mama mkwe nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Wewe umeitaja kama kitu cha pembeni. Mwanangu, huenda hicho kiroba ndicho chenye thamani kuliko chochote ulichoandika. Jumapili hii nenda kwa heshima, beba sukari na sabuni, mwombe akufungulie. Usimwambie habari za data. Mwambie unataka kuona alivyokuwa akiandika. Kisha angalia mambo matatu. Kila mstari una tarehe, au ameandika "Jumatano" tu? Kipimo kimetajwa, au ni namba tupu? Na hiyo namba ni bei ya kununulia au ya kuuzia? Kama ukifungua kurasa kumi mahali popote na nane zina majibu hayo, na madaftari yanaunganika kwa miaka mitatu au zaidi, tasnifu yako iko juu ya lile kabati. Kama ni madeni ya watu na namba za simu, basi ni kumbukumbu za familia, mrudishie afunge kiroba chake.

Hata yakiwa mazuri, kuna shimo moja ambalo nimewaona wengi wakitumbukia. Nilimtahini kijana mmoja, chuo nakihifadhi, aliyeleta kitabiri cha bei za mazao chenye usahihi wa asilimia 98. Ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu. Nikamwomba atufungulie ukurasa unaoonyesha alivyogawa data yake, ipi ya kufundishia mfumo na ipi ya kuupimia. Alikuwa amezichanganya siku zote kama karata, kisha akatenga moja ya tano. Maana yake mfumo ulifundishwa bei ya Jumatano na ya Ijumaa, halafu ukaulizwa ya Alhamisi. Hata mimi ningepatia. Kwenye mambo ya muda unafundisha kwa miaka ya nyuma na kupima kwa miezi ya mwisho ambayo mfumo haujawahi kuiona. Alirudi kugawa upya, na zile 98 hazikuonekana tena. Kilichoniuma ni kwamba msimamizi wake alikuwa bingwa wa mitandao, si wa takwimu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mapema.

Hapo ndipo penye jambo la pili la kufanya kabla ya mwisho wa mwezi. Andika barua pepe chuoni, uliza nani atakusimamia ukichagua tasnifu, amesimamia nini kinachokaribiana na utabiri wa bei, na ana wanafunzi wangapi sasa hivi. Wasipokutajia mtu kwa jina, chukulia hayupo. Mradi unaweza kusimamiwa na mhandisi yeyote mzuri wa programu. Tasnifu ya takwimu chini ya mtu asiyejua takwimu ni mateso kwenu wote wawili.

Sasa niweke alama kwenye fomu, maana ndicho ulichouliza. Bila kuyaona madaftari, na kwa mtu wa hali yako, naweka mradi. Una kazi, una watumiaji unaowajua, una uzoefu wa kujenga mifumo, na una saa mbili za usiku ambazo ni rahisi kuzitumia kurekebisha kitu kilichoharibika kuliko kuanza aya mpya ya sura ya pili. Kitabiri chenyewe kiweke ndani ya mradi kama kipande kimoja, kwa mbinu rahisi, na umweke yule mpinzani wa "kama leo" kwenye jedwali. Nitabadilisha alama hiyo kwa sharti moja tu: madaftari yawe mazuri na msimamizi awe amepatikana, vyote viwili. Kimoja hakitoshi.

Ile aya niliyokuahidi. Kama ndoto yako ni uzamivu, chukua tasnifu hata kama itakuchelewesha, kwa sababu kote utakakoomba watakuuliza umewahi kufanya utafiti gani na nani atakushuhudia. Kama ni kufundisha chuo kikuu, kumbuka matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi hapa nchini mara nyingi yanadai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Toa cheti chako cha kwanza leo, uangalie. Kama hakifiki, kujiua kwa ajili ya tasnifu hakutakisogeza.

Jambo jingine ambalo ningelifikiria kama ningekuwa kwenye kiti chako: mbona unaruka kazini kwako? Dagaa ni wa mama mkwe, lakini kiwanda chako kinaishi kwa sangara, na Ulaya ilipowazuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999, viwanda vilijifunza kwa machungu kwamba kumbukumbu ndizo zinazouza minofu. Kama joto la vyumba vya baridi bado linaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobanwa ukutani, huo ni mradi wa uzamili umekaa hapo hapo mlangoni. Bosi anayeona mradi unamsaidia mkaguzi akija, anaweza hata kuchangia ada. Hapo ndipo utajua kama bado anaiita semina.

Ukichagua data ya kiwanda, pata barua ya ruhusa kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, na ndani yake isemwe kipi kinaruhusiwa kuchapishwa na mfumo utakuwa wa nani ukimaliza. Ukichagua Mwaloni, ukachukua majina na namba za simu za wachuuzi, uko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Waombe idhini, chukua kile tu unachokihitaji. Kwa utabiri wa bei, jina la mama wa watu hulihitaji kabisa.

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Niko Sengerema, nasoma uzamili wa mifumo ya taarifa na niliandikishwa njia ya tasnifu. Msimamizi wangu hajajibu barua pepe zangu tangu nilipomtumia andiko. Je, naweza kubadili niende kwenye mradi?

Aliyekwama, Sengerema

JIBU

Salama, ndugu yangu. Kubadili mara nyingi kunawezekana, lakini tarehe na masharti yamo kwenye kanuni za uzamili za chuo chako. Zitafute leo kabla hujamwomba mtu chochote. Angalia hasa kama kozi ulizosoma zinatosha kwa njia ya mradi, kwa kuwa baadhi ya vyuo hukudai kozi za kujazia krediti, na hizo zina ada.

Ila sioni kama shida yako ni tasnifu. Unaye msimamizi asiyejibu, na mradi nao una msimamizi. Ukihama bila kulimaliza hilo utahama nalo. Andiko la kurasa 40 lililotumwa na maneno "naomba maoni yako" hukaa kwenye sanduku la barua kwa sababu linadai nusu siku ya mtu. Tuma ukurasa mmoja: swali la utafiti, data utakayotumia, na jambo moja unalotaka aamue, pamoja na tarehe unayoomba jibu. Asipojibu, daraja la Kigongo–Busisi liko wazi tangu Juni 2025 na kivuko si kisingizio tena. Kama chuo chako kiko Mwanza, panda gari uende ofisini kwake siku anayofundisha. Usipomkuta, pita kwa mratibu wa uzamili, mkabidhi barua yenye tarehe za barua pepe zako zote, uombe msimamizi mwenza. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, utaihitaji siku ya kuomba muda wa nyongeza.